Saa ya Bibi Sindano

Nyumbani kwa Bibi Sindano, asubuhi huanza na mlio wa cherehani. Bibi ni fundi wa nguo tangu ujana wake. Siku hizi anashona foronya na kupunguza suruali za majirani, basi. Mlio ule ukikosekana, anasema, nyumba inakuwa kama kaburi.

Anaishi na binti yake, mpiga pasi kwenye duka la dobi. Binti hutoka mapema na kurudi hoi. Kazini moyo wake ulikuwa hautulii kwa kumwacha mama peke yake. Ndipo akanunua saa ya mkononi inayopima mwendo wa mtu na kupeleka habari kwenye simu. Mama akitembea vya kutosha, simu huonyesha alama ya kijani. Mwendo ukipungua, alama huwa nyekundu.

"Mama, usiivue. Nitajua hali yako huko huko kazini."

"Umenifunga kengele kama mbuzi," Bibi alisema. Wakacheka.

Kila siku alama ilikuwa ya kijani. Binti alitazama simu, akashusha pumzi, akaendelea kupiga pasi. Jioni hakuuliza tena, "Umekula, Mama?" Simu ilikuwa imeshasema.

Siku moja kazi iliisha mapema, akarudi mchana. Cherehani ilikuwa kimya. Alimkuta mama yake sakafuni kando ya kiti, ameshindwa kuinuka. Mkononi hakuwa na saa. Saa ilikuwa imefungwa kwa utepe kwenye kanyagio la cherehani.

Jirani yao, muuguzi mstaafu, alisikia kilio cha binti akaja mbio. Alimpapasa Bibi miguu na nyonga. Hapakuwa na mfupa uliovunjika. Wakamwinua.

"Mbona mwepesi hivi?" muuguzi alishangaa. "Na gauni limekukaa sawasawa!" Akageuza ubavu wa gauni. Ndani kulikuwa na mshono juu ya mshono. "Fundi, umelipunguza?"

"Kila likinipwaya," Bibi alinong'ona.

"Na saa je?" binti aliuliza.

"Nikikanyaga kidogo nimekaa, yenyewe inadhani natembea."

"Kwa nini, Mama?"

Bibi aliitazama cherehani. "Mama yako mkubwa alipoanza kudhoofika, watoto wake walimhamisha. Cherehani yake wakaigawa. Alitazama ukuta mpaka akafa. Mimi sitaki ukuta."

Binti alilia. "Na mimi nilitazama simu. Wewe sikukutazama."

"Nyamaza, usikilize," muuguzi alisema. "Udhaifu wa uzeeni huingia polepole. Mtu anakonda bila kukusudia. Anachoka upesi. Anatembea kwa kujikokota. Mkasi unamshinda mkononi. Udhaifu huo ukijulikana mapema, mara nyingi unaweza kupunguzwa. Saa hii inasaidia. Mwendo ukianza kushuka, mnakwenda kliniki kabla hajaanguka. Lakini ikae mkononi mwake, si kwenye chuma! Tena haijui kama amekula. Hilo ni lako kuuliza."

"Na cherehani?" Bibi aliuliza.

"Nani kasema iondoke? Ibaki hapo hapo."

"Mama, hapa huhami," binti alisema. "Alama ikiwa nyekundu, tutaongea. Basi."

Kliniki waligundua meno mabovu. Bibi alikuwa hawezi kutafuna, kwa hiyo hakuwa akila vya kutosha. Meno yalitibiwa. Aliambiwa ale mayai, maziwa na maharagwe yaliyopondwa. Alifundishwa pia mazoezi ya kusimama na kuketi, ameshika meza.

Saa ikarudi mkononi. Alama ikawa nyekundu siku ile ile.

"Haya, kengele yako imelia," Bibi alinung'unika.

"Bora nyekundu ya kweli, Mama. Umekula?"

Ilibaki nyekundu kwa muda mrefu. Kuna siku Bibi aligoma kusimama, akageukia ukuta. Binti aliketi karibu naye, akamsubiri. Muuguzi alikuja na mizani yake, akampima, akaondoka.

Mwendo wa Bibi haukurudi kuwa wa zamani. Lakini sasa anafika mlangoni mwenyewe kupokea suruali za majirani. Alama huwa ya kijani siku nyingine, siku nyingine hapana.

Jana binti alirudi akamkuta ameshika wembe, gauni limelala magotini.

"Unapunguza tena, Mama?" aliuliza kwa hofu.

"Nafumua," Bibi alijibu. "Linanibana."