Ufunguo Mfukoni mwa Kassian

Saa mbili asubuhi. Nachingwea.

Kassian alikuwa anafyonza mfupa wa kitimoto, na mafuta yalimshuka mpaka kwenye kiwiko. Chumba cha nyuma cha kilabu cha Dionisia kilinuka pombe iliyochacha na mkojo. Nzi walikuwa wengi kuliko watu. Watu walikuwa watatu, ukimwondoa Dionisia mwenyewe, aliyesimama mlangoni akichungulia uani.

Kassian alichora ramani mezani kwa kidole chenye mafuta.

"Hapa Ruangwa. Hapa nyumba ya Kaimu, mnunuzi wa dhahabu. Dionisia kampikia mwaka mzima, anaijua mpaka choo chake. Dhahabu haiweki kwenye sefu. Anaifukia stoo, kwenye mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho. Nani ataingiza mkono kwenye salfa?"

"Wewe," alisema Dionisia.

Kassian hakucheka. Alimtazama Nicholaus, dereva. "Haya. Sema habari za gari."

Nicholaus alikuwa ameendesha malori ya korosho miaka kumi na minane. Gari jipya la wizi alilolileta Kassian alilijaribu siku moja tu, na siku moja ilimtosha.

"Ni zuri kwenye lami," alisema. "Limetulia. Ndani hulisikii. Unalala."

"Umeona," Kassian alimwambia Jeremia.

"Sijamaliza. Hiyo nembo ya mbele ni ya matajiri, lakini hili ndilo dogo lao, la mtu anayeanza kujifanya tajiri. Injini ndogo, ina tabo ya kuisukuma. Unakanyaga mafuta, linafikiri kwanza, halafu ndiyo linaruka. Linavutwa na magurudumu ya mbele tu. Tumbo liko chini. Tairi la spea halina."

"Gari gani halina spea?"

"Hilo. Tairi zake zina ukuta mgumu, likitoboka linatembea hivyo hivyo. Usukani mwepesi, haukuambii barabara ikoje. Na lina akili zake. Likisimama linajizima, ukiachia breki linajiwasha. Likiona kitu mbele linafunga breki lenyewe, hata hujaliambia. Kaka, tupe pikapu."

Kassian alitupa mfupa chini. "Pikapu inasimamishwa kila geti. Hili linapigiwa saluti. Nchi hii mtu anaheshimu bati. Gari la bosi halisimamishwi."

"Basi nipe ufunguo."

"Ukiwa mfukoni kwangu inatosha. Gari linaunusa. Na mimi ndiye bosi, au siyo?"

Aliutoa, kitu cheusi chenye nembo, akaupangusa mafuta kwenye shati, akaubusu, akaurudisha mfukoni kama mwanamke anavyorudisha rozari. Nicholaus alitazama pembeni. Mtu mzima kubusu ufunguo wa gari la wizi, ilikuwa imebaki hiyo tu.

Jeremia alikuwa na mwili kama mlango na macho ya mtu aliyelelewa na ng'ombe. Baba yake, mzee Mabula, alihama na mifugo kutoka kanda ya ziwa akapiga kambi karibu na Mkotokuyana. Dada yake, Penina, aliolewa na Nicholaus. Nicholaus ndiye aliyemtoa zizini akamleta kwenye uchafu huu, kwa sababu Kassian alitaka mtu mwenye mabega.

Jana jioni Penina alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Sijui mnakwenda wapi na sitaki kujua. Umemchukua mdogo wangu, umrudishe mzima. Ukirudi bila yeye, mlango huu usiusogelee."

Saa nne na nusu. Ruangwa.

Nicholaus alibaki kwenye gari, nyuma ya nyumba ya Kaimu. Gari lilijizima. Kimya kikawa kikubwa. Kiti cha ngozi kilimshika mgongo vizuri, kama kinyozi anayetaka kukuibia.

Kupitia mlango wa nyuma ulio wazi aliona yote aliyohitaji kuona. Kaimu kalala kifudifudi. Mkewe Valentina kapiga magoti. Bibi kizee, mama yake Kaimu, anatambaa kwenye sakafu akitafuta fimbo yake. Kassian aliipiga teke fimbo ikaingia chini ya kabati. Halafu aliinama mezani, akachukua chapati kwenye sahani ya yule bibi, akaanza kula. Bastola mkono mmoja, chapati mkono mwingine.

Jeremia alitoka stoo na mfuko begani. Alisimama. Akaweka mfuko chini, akaitoa fimbo chini ya kabati, akampa bibi.

"Mpumbavu wewe," Kassian alisema, mdomo umejaa.

Waliingia garini. Jeremia nyuma na mfuko, Kassian mbele. Nicholaus aliachia breki, injini ikaamka. Alikanyaga mafuta. Gari likafikiri. Halafu likaruka.

Kwenye geti la ushuru wa mazao, mlinzi aliiona nembo kwa mbali. Aliinua mti wa kizuizi kabla hawajafika, akasimama wima, akapiga saluti. Kassian alimpungia mkono wenye makombo ya chapati.

"Nilisema nini?"

Nicholaus alikanyaga mafuta. Mpango wa mjinga unapofanikiwa, mjinga anakuwa nabii.

Saa tano na robo. Njia ya Nachingwea.

Kwenye lami gari lilikuwa tamu, huo ni ukweli. Kilomita mia na kumi kwa saa na kikombe cha chai kisingemwagika. Lami ilipokatika kwenye kipande cha vumbi, utamu ukakatika nao. Springi zake ngumu zilipiga kila rasta, mikunjo ya barabara ya vumbi, moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Tumbo liliparua mawe. Magurudumu ya mbele yalitafuta pa kushika, usukani ukabaki mwepesi vile vile, kama hauhusiki.

Kengele ya mkanda ililia. Kassian hakutaka kufunga mkanda. Aliuvuta, akauchomeka nyuma ya mgongo wake ili kengele inyamaze.

"Fungua mfuko," alimwambia Jeremia.

"Siyo humu ndani," alisema Nicholaus. "AC inazunguka."

"Fungua."

Jeremia alifungua. Unga wa njano ulipanda, kiyoyozi kikauchukua, kikaurudisha kwenye nyuso zao. Macho yaliwaka. Makamasi yalitoka. Ndani ya gari la matajiri, watu wazima watatu walikohoa na kutema kwenye mazulia. Kassian alipapasa mfukoni mle akatoa vifurushi vya nailoni, akavihesabu, akahesabu tena.

"Kimoja hakipo."

"Vyote vimo humo, kaka," alisema Jeremia.

"Ulichelewa stoo. Halafu ukajifanya msamaria na fimbo ya bibi. Toa."

"Sina kitu."

Kassian aligeuka mwili mzima, magoti juu ya kiti, mgongo kwenye dashibodi. Bastola ilikuwa mkononi, juu ya mgongo wa kiti, inamtazama Jeremia. Kidole kilikuwa mahali pasipotakiwa.

"Kaa vizuri, Kassian," alisema Nicholaus. "Toa kidole hapo."

"Endesha wewe."

Kona. Ng'ombe. Kundi zima, pembe kwa pembe, wanavuka barabara kwa raha zao. Nicholaus aliona mwanya kushoto, kando ya mfereji. Lori lingepita. Mikono yake ilishaanza kukata usukani. Lakini gari liliona kabla yake na halikumuuliza. Lilipiga kelele moja, likafunga breki lenyewe.

Kassian alirushwa nyuma, akagonga kioo kwa kisogo. Bastola ililia.

Gari lilisimama, pua yake hatua chache kutoka kwa ndama. Injini ikajizima. Hapo ndipo sauti ya Jeremia iliposikika.

"Shemeji."

Risasi ilikuwa imepita kwenye kiti ikaingia pajani, juu. Damu ilitoka nyeusi, ikachanganyika na salfa kwenye ngozi nyeupe ya kiti. Harufu yake Nicholaus hajaisahau.

"Vua mkanda wa suruali," alimwambia. "Funga juu ya jeraha. Vuta. Vuta zaidi."

Kassian alishika kisogo, akatazama damu, akatazama kiti. "Amekiharibu," alisema.

Kisha alikusanya vifurushi vyote, akavisukumiza kwenye mfuko. Kimoja kilikuwa kimeangukia chini ya kiti chake mwenyewe. Alikiokota bila aibu.

"Tunakwenda hospitali ya misheni," alisema Nicholaus.

"Na jeraha la risasi? Kabla hawajamfunga bandeji polisi wameshafika." Alifungua mlango wake. Nyuma yao bodaboda alikuwa amesimama akisubiri ng'ombe wapite. "Gari limezima. Ufunguo ninao mimi. Kaeni hapa na nyama yenu. Wakija, waambieni mlikuwa wawili."

"Ni mdogo wake mke wangu, Kassian."

"Ndiyo. Siyo wangu."

Alipanda bodaboda, njano kutoka nywele mpaka viatu, mfuko kifuani. Wakaishika njia ya Kiegei.

Kassian alilijua gari lile kwa simu. Alikuwa anatazama video zake kitandani. Alijua haliwaki bila ufunguo. Hakujua kwamba halikuwa limezimwa. Lilikuwa limelala tu.

Nicholaus aliachia breki. Injini ikaamka.

Kwenye dashibodi maandishi mekundu yakatokea: ufunguo haupo. Kengele ikaanza kulia. Ilikuwa inaonya tu, basi. Gari lingetembea mpaka mafuta yaishe, mradi asilizime, na mradi asifungue mlango wake likiwa limelala. Alibonyeza kitufe cha kuondoa ule usingizi. Akafungua kioo, akapiga honi, akawapigia ng'ombe mluzi ambao mzee Mabula alimfundisha. Wakapasuka katikati.

"Shemeji," alisema Jeremia. "Wale ni wa kwetu. Yule dume nimemlea mimi."

"Usilale. Niambie jina lake."

Tairi ya mbele ilipasukia kwenye jiwe kabla ya Mkotokuyana. Gari liliyumba, likajinyoosha, likaendelea kwa ukuta wake mgumu, likitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Njia nzima Nicholaus alilitukana. Halikusimama.

Saa sita kasoro robo. Hospitali.

Aliingia na gari mpaka mlangoni. Hakushuka. Alipiga honi mpaka Sista Brigita akatoka na wauguzi wawili wakisukuma kitanda.

"Mlango wa nyuma," alisema. "Mtoeni kwa nyuma."

Walimtoa. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Injini ilikuwa inanguruma, geti liko wazi, barabara ya kutokea iko tupu. Gari lenye nembo. Hakuna ambaye angelisimamisha.

Sista Brigita alirudi, glavu zake nyekundu. "Ndugu wa mgonjwa ni wewe?"

"Shemeji yake."

"Damu hatuna ya kumtosha. Kundi lako unalijua?"

"O. Mlinipima hapa hapa mke wangu alipojifungua."

"Basi shuka, baba. Mbona hushuki?"

Alitazama maandishi mekundu. Alitazama barabara. Alisikia harufu ya salfa, damu, mafuta ya kitimoto ya Kassian bado kwenye kishikio cha mlango, na ngozi mpya chini ya yote, ile harufu ambayo watu wanauza mashamba ili wainuse. Alibonyeza kitufe. Injini ilinyamaza, na mara hii haikuwa usingizi.

Polisi walimkuta kitandani, sindano mkononi, mfuko wa damu unajaa. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanamshona Jeremia. Sista alikuwa ameshasema: ataishi, ila atachechemea.

"Gari la hapo nje ni lako?" aliuliza afande.

"Siyo langu."

"Ufunguo uko wapi? Tunataka kulisogeza."

Nicholaus hakufikiri. Gari lile lilikuwa limefikiri vya kutosha kwa siku moja.

"Njia ya Kiegei, kwa bodaboda. Jina lake Kassian. Mtu mwenye macho mekundu, njano mwili mzima. Mpekueni mfukoni. Ana bastola, lakini huo ufunguo ndio mtakaoukuta. Hatautupa. Anaupenda mno."

Akageukia ukutani, akatema mate ya njano kwenye ndoo.