Chumba cha Juu, Savannah

Vidole vya Mama Ernestine vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Kufunga kifungo cha blauzi hakuweza, seuze kusuka nywele. Ndiyo maana bintiye Arletha, aliporudi kutoka dukani mchana ule na kumkuta mama yake mbele ya kioo, kichwa kimesukwa mistari myembamba iliyonyooka, alisita mlangoni.

"Nani kakusuka, Mama?"

"Msichana wa humu ndani. Ana mikono laini, we acha tu."

Mama Ernestine alizaliwa papa hapa Savannah, na mama yake alikuwa dobi. Utotoni, majumba kama haya ya matofali aliyaingia kwa mlango wa nyuma, furushi la mashuka kichwani. Siku hizi yamekuwa nyumba za wageni. Alipotimiza miaka themanini, Arletha alimuuliza anataka zawadi gani, naye akasema anataka kulala ghorofani, chumba cha bibi mwenye nyumba wa enzi hizo, kitanda chenye pazia.

Arletha akashuka kwa mwenye nyumba, Bi Corinne, mzungu mpole mwenye sauti ya chini.

"Msichana?" Bi Corinne aliacha kupanga vikombe. "Hapa nipo mimi na mpishi, naye ni mwanamume." Kisha, bila kumtazama usoni, akaongeza, "Mkitaka, chumba cha chini kiko wazi."

Mama alikataa kuhama. Kesho yake alikataa na chakula. Sahani ya wali mwekundu na kamba ikapoa mezani, naye akasema ameshiba. Macho yalikuwa yameanza kumwingia ndani. Chumba kilinuka kama pasi ya moto iliyosahauliwa juu ya nguo.

Mchana huo Arletha alijifanya anatoka, akaketi kwenye ngazi. Punde akasikia mtu akiimba kwa kufumba mdomo, sauti nyembamba isiyo ya mama yake, na katikati ya wimbo mkwaruzo wa kitana, taratibu, juu mpaka chini. Akausukuma mlango kidogo, akamwona mama yake ameketi amefumba macho, na nyuma yake hapakuwa na mtu, ila nywele zile nyeupe zilikuwa zikiinuka zenyewe, zikigawanyika, zikipishana na kukazwa, na kila fundo lilipokazwa mama yake alitoa pumzi, na pumzi iliyofuata ikawa fupi kuliko ile iliyotangulia, mpaka Arletha akajikuta anazihesabu huku akiomba isiwe ya mwisho.

Akampigia simu Zipporah, binamu ya mama yake, mganga wa mizizi katika visiwa vilivyo jirani na Savannah. Jua lilikuwa bado juu Zipporah alipofika na kikapu chake.

"Ernestine, umekonda kama ufagio. Ndiyo raha ya chumba cha mabibi hiyo?"

"Niache. Ananitengeneza vizuri."

"Anakutengeneza kama maiti, mpenzi wangu. Anataka aondoke nawe."

Zipporah alimwaga chumvi kizingitini, akapaka madirishani maji ya buluu ya kufukuzia mizimu. Harufu ya kuungua ikazidi. Ghafla kichwa cha Mama Ernestine kikavutwa nyuma, shingo ikatanuka, akaanza kukoroma.

"Mama Zipporah, anamuua," Arletha alinong'ona.

Zipporah akaiweka chumvi chini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatanua magoti kama mama anayemngoja mtoto wa kusukwa.

"Umesuka vichwa vya mabibi wa nyumba hii miaka yote hii, mwanangu," alisema polepole. "Chako alikusuka nani? Njoo ukae."

Kichwa cha Mama Ernestine kikaachiwa, kikaanguka kifuani. Kisha zulia lililokuwa miguuni mwa Zipporah likabonyea.

Zipporah akaanza kusuka hewa. Vidole vyake vilikwama, vikafumua, vikaendelea. Arletha aliona jinsi vilivyolemewa. "Nyuma ya sikio pana kovu," Zipporah alisema. "La pasi, eti? Pole, mama. Pole." Machozi yalimtiririka bila kuyafuta. Akainama akauliza jina, akasikiliza kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

Alipomaliza alisimama, mkono mmoja umeshika kitu kisichoonekana, akashuka nacho ngazi, akapita sebuleni. Bi Corinne alijibana ukutani, kaziba pua. Mlango wa mbele ukafunguliwa, ukafungwa. Baadaye Zipporah alirudi mikono mitupu.

Jioni Mama Ernestine alikula. Arletha alimsindikiza Zipporah hadi kwenye gari.

"Alisema anaitwa nani?"

"Hilo nimelizika. Asilitaje mtu, maana ukimwita ataitika."

Walifungasha usiku uleule. Njiani kurudi nyumbani Atlanta mama alilala kwenye kiti cha nyuma, akikoroma kwa raha, na Arletha akaanza kutulia. Walikuwa wameshapita mji wa Macon mama yake alipogeuka usingizini, akatabasamu.

"Delphy," alisema kwa upole. "Delphy, siti iko wazi. Njoo ukae."

Mkanda wa siti ya pembeni yake ukavutwa taratibu, ukalia *tik*.