Jina Katika Mstari wa Mwisho

Mgeni aliingia Belagere mchana wa jua kali, miguu yake imeviringishwa matambara, na mbwa wa kijiji hawakumbwekea. Walimtazama tu, kisha wakajikunyata chini ya kuta. Ketoja, fundi wa kuchonga mawe, aliona hilo kabla hajaona damu, na nyundo ikamtulia mkononi.

Zama hizo, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nyanda za Dekani katika Bara Hindi ziligombewa na koo mbili za wafalme. Ukoo wa Halagiri ulitawala kaskazini ya mto, na ukoo wa Tungara ulitawala kusini. Kila ulioteka nchi ulisimamisha mawe yenye maandishi, maana mfalme asiye na jiwe alihesabiwa kama hakuzaliwa. Na katika kila jiwe la mfalme, desturi ilimwachia fundi mstari mmoja, wa mwisho, aweke jina lake mwenyewe. Hata mfalme hakuweza kumnyima. Ketoja alikuwa amechonga miaka thelathini: mawe ya kusagia, vizingiti, miungu midogo ya visimani. Jiwe la mfalme hakuwahi kupewa. Aliungoja mstari ule kama mtu anavyomngoja mtoto.

"Maji, mama," mgeni alimwambia Nagavve, mke wa fundi.

"Kaa kivulini kwanza," Nagavve akasema, akimtazama toka juu hadi chini. "Unaonekana kama mtu aliyefufuka akajuta."

Mgeni alicheka, akashika ubavu. Alikuwa kijana, ngao yake ya ngozi imepasuka katikati, na mkuki wake umefungwa kamba mahali ulipovunjika. Alikunywa, kisha akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba aliogopa maneno yake mwenyewe.

"Jeshi la Halagiri lilivunjika juzi. Wapanda farasi wa Tungara wako nyuma yangu. Huchukua ng'ombe na wasichana, na wanaume huwaacha wameinamia visima. Mna muda wa kukamua ng'ombe wawili, hauzidi."

Nagavve aliangusha kata.

"Vilimani ni mbali," Ketoja alisema. "Pamoja na mifugo na wazee, watatukuta njiani."

"Nimeona kivuko chenu. Kati ya yale majabali mawili hupita farasi mmoja mmoja. Mtu mmoja anaweza kusimama pale kwa kitambo."

"Mtu gani?"

Mgeni alitazama miguu yake. "Juzi nilikimbia, fundi. Nimekimbia hadi hapa. Nimechoka kukimbia kuliko ninavyoogopa kufa."

Nje, Nagavve alikuwa ameanza kupiga kelele mlango hadi mlango.

"Kwetu," mgeni akasema, "mtu akifa akilinda ng'ombe wa watu huchongewa jiwe."

"Hata kwetu."

"Basi nichongee. Sitaki kubwa. Jina langu, na ng'ombe na ndama wake. Ng'ombe awe na pembe moja iliyovunjika. Mama alikuwa naye wa hivyo. Mama hayupo tena, wala ng'ombe, wala kijiji chetu. Usiponiandika wewe, hakuna atakayeniandika."

"Unaitwa nani?"

"Kaliga."

Ketoja aliweka kiganja juu ya patasi yake, kama mafundi walivyoapa. "Kaliga. Nitakuchongea."

Kijana alitabasamu kama aliyepewa shamba, akachechemea kuelekea mtoni.

Watu wa Belagere walipanda vilima wakiwa wamewaziba watoto vinywa. Nyuma yao walisikia kishindo cha kwato kikija, kisha kikisimama. Kilisimama muda mrefu. Walisikia farasi wakilia majini, na sauti moja ikiita kwa dharau, "Njooni mmoja mmoja, mabwana, mlango ni mwembamba!" Jua lilikuwa limeinama kabla sauti ile haijanyamaza. Kufikia hapo wasichana na mifugo walikuwa wamekwishaingia ndani ya msitu.

Siku ya nne askari waliwateremsha wengine toka vilimani, kwa sababu mfalme mpya alihitaji wakulima, hakuhitaji maiti. Waliswagwa hadi uwanja wa hekalu. Mbele yao alisimama Jemadari Indapa, mtu mrefu mwenye joho la hariri lililochakaa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mdogo wake alikuwa ameuawa kivukoni.

"Mtu yule alikuwa nani?" aliuliza. Hakupandisha sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Nataka jina lake. Nitalilaani, nitatafuta ukoo wake, nami nitaung'oa."

Wanaume watatu walichapwa mbele ya wake zao. Hawakusema, kwa kuwa kweli hawakujua. Waliojua walikuwa wawili tu, Ketoja, na mkewe aliyeambiwa naye walipokuwa wakipanda vilima, nao walitazama mavumbi.

"Vema," Indapa akasema. "Maiti yake imekwenda na mto. Na asichongewe jiwe, hata la kimo cha kuku. Nikiona jiwe jipya la mtu wa kivukoni, nitakata mkono wa kuume uliolichonga." Kisha akageuka. "Nani fundi wa mawe hapa?"

Ketoja alisukumwa mbele.

Kumbe Indapa alitaka jiwe la mfalme, la kimo cha mtu na nusu, lisimame mlangoni pa hekalu. Lingetangaza kwamba mfalme wa Tungara amelitunuku hekalu ardhi ya bwawani, na kwamba alipovuka mto pale Belagere hapakuwa na mwanamume aliyesimama mbele yake.

Kwa siku ishirini karani wa jeshi, mzee mwembamba aitwaye Sridhara, aliandika herufi juu ya jiwe kwa rangi nyekundu ya ngeu, na Ketoja akazifuata kwa patasi. Askari wawili wenye mapanga walisimama nyuma yake mchana kutwa. Hakuna aliyemwuliza jina. Walimwita "wewe wa nyundo." Kila patasi ilipoteleza kidogo, alisikia upanga ukisogea alani.

Nyumbani, Nagavve alimkanda vidole kwa mafuta ya ufuta.

"Usifikirie jambo hilo, Baba Chanda," alimwambia siku moja. Chanda alikuwa binti yao aliyeolewa mbali. Tangu harusi Nagavve hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina, kwa maana katika nchi ile iliaminika kwamba mke akilitamka jina la mumewe humpunguzia siku zake. Mwanamke aliyethubutu alionwa kama aliyemtilia mumewe sumu. "Nakuona unavyofikiri. Mkono huu ndio chakula chetu."

"Nilimwahidi."

"Aliyekufa hasikii."

"Mimi nasikia, mke wangu. Kila nikipiga nyundo naisikia ile sauti ya kivukoni. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo."

"Wahenga hawakumwona Indapa," Nagavve alisema, akaendelea kumkanda.

Juu ya jiwe, kama desturi ya mawe yote ya ardhi, zilihitajika picha nne: jua, mwezi, na ng'ombe na ndama wake. Ketoja alizichonga kwa siku mbili. Sridhara alipokuja kukagua, alikunja uso.

"Ng'ombe wako ana pembe moja nzima na kipande."

"Jiwe lilikatika hapo, bwana. Lina mshipa mbaya."

Karani alipitisha kidole penye pembe ile. Mkato ulikuwa laini. Alimtazama fundi kwa muda, akashusha pumzi, akasogea kwenye mistari mingine.

Siku ya mwisho watu wote waliitwa uwanjani. Indapa alisimama kando ya jiwe. Sridhara alilisoma kwa sauti, sifa za mfalme, mipaka ya ardhi, hadi kwenye laana iliyofunga kila jiwe la aina hiyo: *Atakayelivunja jiwe hili, au kufuta herufi yake hata moja, azaliwe funza mavini miaka elfu sitini.* Kisha akachovya brashi katika ngeu, akamgeukia Ketoja.

"Umebaki mstari wako, fundi. Niandike jina gani?"

Miaka thelathini alikuwa ameingoja kauli hiyo. Alikuwa amekwisha kuiwaza herufi ya kwanza ya jina lake itakavyopinda, na ya mwisho itakavyokaa. Umati ulikuwa nyuma yake, na yeyote angeweza kushangaa kwa sauti, hata mtoto.

"Andika Kaliga," alisema.

Mahali fulani ndama alilia. Sridhara hakugusa jiwe.

"Jana," karani alisema taratibu, "nilimsikia mchungaji mmoja akikuita kwa jina jingine."

Indapa aliinua kichwa. Uchovu ulimtoka machoni kama vumbi linavyopeperushwa. "Jina jingine? Kwa nini mtu afiche jina lake mbele ya jiwe la mfalme?" Alitembea polepole hadi kwa fundi, akaushika mkono wake wa kuume juu ya kifundo, kama mtu anayepima kuni. "Ana mke?"

Nagavve alisukumwa mbele. Aliufunika uso wake kwa ncha ya kitambaa chake, yakabaki macho tu.

"Mwanamke," Indapa akasema, "mumeo anaitwa nani?"

Wanawake wa Belagere walivuta pumzi kwa pamoja. Hata askari walitazamana. Mke haulizwi swali hilo.

"Bwana, mimi ni mke wake. Nitalitajaje?"

"Litaje, au mkono huu uanguke hapa."

Nagavve alimtazama mumewe. Ketoja aliona hofu machoni pake, hofu tupu isiyo na pa kujificha. Kisha akaona kitu kingine kikiinuka nyuma ya hofu ile, kidogo, kikaidi. Mke alishusha kitambaa usoni.

"Kaliga," alisema, kwa sauti iliyofika hadi ukutani mwa hekalu. "Mume wangu anaitwa Kaliga." Akaanguka chini akijipiga kifua na kulia kama mjane.

Indapa aliuachia mkono. Alikulia katika nchi ile ile. Alijua kwamba hakuna mke ambaye angetamka jina la mumewe ila kwa kutishwa, na akitishwa hutamka la kweli. Aliona hata haya kidogo. "Inatosha, mama," alinong'ona. "Inuka." Katika umati, wanawake wote waliolijua jina la fundi tangu harusi yake walielewa papo hapo kwamba Nagavve hakuvunja mwiko wowote. Hakuna aliyekohoa. Bibi mmoja alianza kulia naye, ili kilio kisionekane cha mtu mmoja.

Sridhara aliandika mstari wa mwisho kwa ngeu. Mkono wa mzee yule haukutetemeka hata kidogo.

Tangu siku hiyo jeshi lilikaa Belagere miaka saba, na kwa miaka saba kijiji kizima kilimwita fundi wake Kaliga, barabarani na kisimani, mpaka watoto wadogo hawakujua jina jingine. Hakupewa tena jiwe la mfalme. Koo zote mbili zimetoweka, na mawe yao mengi yamekuwa madaraja na ngazi. Lile moja lilibaki, maana walioteka baadaye waliiogopa laana yake. Wasomao huamini kwamba Kaliga alikuwa fundi hodari. Hakuna popote palipoandikwa Ketoja.

Lakini mchana ule, Indapa akitazama, fundi alipiga magoti mbele ya jiwe, akashika patasi. Aliogopa bado, jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Alichonga herufi ya kwanza, akachonga ya pili, bila haraka, akizitia ndani kuliko herufi zote za mfalme. Alipomaliza ya mwisho alipuliza vumbi, akaweka kiganja juu ya jina, akakiacha hapo hadi jiwe likapata joto.