Majani Yaliyokataliwa Kituoni

Jumatatu, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Nyamoita alifika kwenye ukumbi wa Nyaramba kufagia kabla ya kwenda kuchuna chai. Alikuta kufuli limekatwa. Meza sita za cherehani zilikuwa zimesimama bila vichwa vya mashine, na mlango wa stoo ya nyuma, ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuona wazi, ulikuwa wazi.

"Nyasae one! Mungu wangu!" alisema, na mwanawe akashtuka mgongoni, akaanza kulia.

Hapo ndipo yeye na wenzake, wasichana waliokatiza shule kwa sababu ya mimba, waliposoma kila jioni huku watoto wamelala mkekani. Mtihani wao wa ushonaji ulikuwa mwezi uliofuata. Jumatano, afisa wa wafadhili angetoka Nairobi kuamua kama ruzuku iendelee. Bila vyerehani hakuna mtihani, hakuna ruzuku, hakuna darasa.

Saa mbili Koplo Bochaberi alifika. Mkurugenzi wa shirika lililoendesha darasa, Abner Anyona, naye akaja kwa pikipiki yake, tai shingoni.

"Zimeibwa mashine ishirini," alimwambia koplo. "Sita za darasani, na kumi na nne mpya zilizokuwa stoo, bado kwenye maboksi. Andika."

"Unamshuku nani?"

"Mlinzi, Masese. Kama si yeye, basi Haresh, yule fundi wa Keroka. Alikuja Ijumaa kuzitengeneza. Anajua bei."

Masese aliitwa, kofia mkononi.

"Mogaka, mzee wangu, jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mkurugenzi aliniambia nipumzike."

"Mimi?" Abner akacheka. "Pombe imemaliza kichwa hiki."

Masese akaingizwa kwenye gari la polisi mbele ya wajukuu wake. Nyamoita aliuma meno.

Haresh alikuja mwenyewe kabla ya kuitwa, amefura. "Koplo, Ijumaa nilizijaza mafuta mpaka yakadondoka. Nikawaambia hawa wasichana na huyu mzee Masese: zikae wima mpaka Jumatatu, mkizilaza yote yatamwagika. Sasa mimi nizilaze ndani ya gari langu? Mke wangu, Chandrakala, ndiye aliyeshona vitambaa vya viti. Angeniua kabla yenu!"

Koplo alikagua gari. Lilinukia ubani, na viti vilikuwa safi.

Nyamoita alichungulia stoo. Sakafu ya udongo ilikuwa imeota ukungu wa kijani kutoka ukuta hadi ukuta, laini, bila alama.

"Koplo, maboksi kumi na nne yamekaa hapa miezi yote, na ukungu haujabonyea?"

"Siku hizi wewe ni askari?"

"Ni mwanafunzi. Tulishona watatu kwa mashine moja, tukiambiwa mpya zinangoja wageni." Aliinua vidole vitatu. "Watatu, na watoto mgongoni!"

Koplo aliinama akaiangalia ile sakafu.

Adhuhuri Nyamoita alipeleka chai yake kituo cha kupimia majani. Kando ya barabara kulikuwa na rundo la majani yaliyomwagwa.

"Hata ng'ombe wa jirani yangu Persis ameyanusa akageuka," mama mmoja alisema, na foleni nzima ikacheka.

"Ni ya nani?" Nyamoita alimuuliza Omosa, karani wa kituo.

"Ya Mkurugenzi wenu. Nimeyakataa. Nikiyapeleka na harufu hiyo, kiwanda kitarudisha lori zima. Nikamuuliza, magunia haya yalibeba nini? Akanitukana."

Nyamoita alisugua jani kati ya vidole. Harufu ile aliijua. Ijumaa alikuwa ameshindwa kuiosha mikononi.

Alifumbata konzi moja, akakimbia hadi kituo cha polisi. Koplo alinusa majani, akafunga mlango. "Usimwambie mtu. Jumatano mwache aseme ishirini mbele ya mgeni."

Jumatano, ukumbini, Abner alisema ishirini, tena kwa huzuni. Afisa wa wafadhili, Lorna, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Koplo Bochaberi akasimama.

"Mzee Abner, magunia yako yalibeba nini Jumapili?"

"Chai. Nibebe nini?"

"Yananuka mafuta."

"Ni ya pikipiki."

"Ya pikipiki ni meusi!" Nyamoita akatupa majani mezani. "Haya ni mafuta ya cherehani. Vichwa vililazwa. Sisi tulijua visilazwe. Masese alijua. Haresh ndiye aliyesema. Wewe Ijumaa hukuwapo! Ukavilaza kwenye magunia, ukavifunika kwa majani ili ukikutwa njiani uonekane umebeba chai. Kisha ukashindwa kuyatupa. Mkulima gani hapa hutupa majani yake? Ukayapeleka yapimwe!"

"Na zile kumi na nne?" Lorna aliuliza.

"Hazikuwahi kufika," koplo alisema. "Ukungu wa stoo haukuwa na alama ya boksi wala ya mguu. Asubuhi hii tumefukua shimo lake la kuivishia ndizi. Kulikuwa na vichwa sita tu."

Abner alikaa. "Pesa za hizo kumi na nne nilikuwa najengea nyumba yangu. Ningerudisha. Mgeni angekuta sita, angeuliza nyingine. Nikaona zikiibwa zote, hakuna atakayeuliza." Akamgeukia Nyamoita. "Na wewe, mtoto wa watu! Mimi ndiye niliyekutoa jikoni!"

"Ulinitoa jikoni unipige picha! Pesa hizo uliziomba kwa sura ya mtoto wangu, akiwa na kamasi. Ulimkataza mama yangu asimpanguse!"

Abner aliondolewa na pingu, na koplo akapiga simu Masese aachiliwe.

Lorna alifunga faili. "Poleni. Lakini kwa utaratibu wetu, ruzuku inasimama mpaka wakaguzi wamalize."

"Msimamishe yeye!" Nyamoita alisema. "Sisi ndio tulioibiwa. Leo jioni tuna darasa."

"Vichwa ni ushahidi," Lorna alisema polepole.

"Vimeshapigwa picha," koplo alisema. "Nitaandika kuwa viko mikononi mwa darasa mpaka korti ivihitaji. Viko garini, huko chini barabarani. Matope haya gari haliwezi."

Wasichana walikuwa tayari wanateremka kuvibeba. Lorna alibaki amesimama mlangoni, akimtazama Nyamoita akifungua kanga mgongoni.

"Haya basi, dada," Nyamoita alimwambia, akimpa mwanawe. "Nishikie mtoto."

Na Lorna akamshika.