Pagume Imepotea Kwenye Simu

Nyumbani kwa Aselefech asubuhi huanza na moshi. Majirani wakiamka, difo dabo ya kwanza, ule mkate mkubwa wa sikukuu, imeshatoka jikoni. Mimi naishi nyuma ya ukuta wao hapa mtaa wa Gulele. Harufu hiyo naijua kuliko mtu yeyote, na mwili wangu ni shahidi.

Mwaka huo binti yake, Mahlet, alikuwa anajifunza kuandika programu kwa JavaScript. Akamtengenezea mama yake ukurasa wa kupokea oda kwenye simu. Mteja anachagua mwezi, anachagua siku, anaandika anataka mikate mingapi. Watu wakaacha kutugongea mageti alfajiri. Aselefech akawa anatamba sokoni kama mama wa bibi harusi.

Mwezi wa Nehase, wa kumi na mbili katika kalenda yetu ya miezi kumi na mitatu, ulipofika, akaanza kulalamika.

"Mahlet, mbona orodha ya miezi inaanzia Meskerem, mwezi wa mwaka mpya? Tuko Nehase. Mtu wa kuagiza leo ateremke mpaka miguuni?"

"Nitapanga upya, mama. Ianze na mwezi tulio nao, kisha iendelee mpaka izunguke."

Akapanga. Sote tukaona kazi imekwisha.

Jumamosi tulikuwa tunakunywa kahawa, Etye Bizunesh akaingia bila hodi. Mama huyu mzima, tunayemwita Etye kwa heshima, ndiye mkuu wa chama cha wanawake wanaosherehekea Malaika Rufaeli, tarehe tatu ya Pagume, ule mwezi wa mwisho wenye siku tano au sita tu. Mikate ya sikukuu hiyo ilikuwa ya mama yake Aselefech, kisha ikawa ya Aselefech. Hakuna kazi aliyoionea fahari kama hiyo.

"Aselefech, umetususa?"

"Nimewasusa? Kwa lipi tena?"

"Nimetafuta Pagume kwenye simu yako. Hakuna. Kuna Nehase, halafu Meskerem."

"Haiwezekani!"

"Tazama mwenyewe. Mwaka huu kila mwanamke anataka kujiandikia mkate wake humo. Mwaka jana niliwaandikia mimi, nikachanganya, matusi nikala mimi. Kesho baada ya misa tunaagiza. Pagume isipokuwemo, kazi tunampa Shitaye wa kule bondeni."

"Shitaye anayetia sukari kwenye difo dabo?"

"Huyo huyo. Yeye kwenye simu yake miezi imetimia."

Akaondoka. Aselefech alitua birika kwa kishindo. Nilitaka kuwachekesha, nikasema, "Mahlet, umekuwa kama mabosi wetu. Pagume haina mshahara, sasa haina hata mkate." Hakucheka mtu. Machozi yalikuwa yanamlenga Mahlet.

"Lakini nimeandika kutoka Nehase mpaka Pagume," alisema. "Nina hakika."

Nikaenda kumwita Emebet, jirani wa ghorofani. Emebet huandika programu za maduka ya dawa, na mdomo wake ni mkali kama pilipili.

"Haya, mlaji wa miezi," alisema akikaa. "Nisomee."

Mahlet akasoma: `miezi.slice(11, 12)`. "Safu yangu, yaani orodha, inaitwa miezi. Kuhesabu kunaanza na sifuri. Meskerem ni sifuri, Nehase ni kumi na moja, Pagume ni kumi na mbili."

"Hapo huna kosa. Leteni vikombe."

Tukakusanya vikombe vyote vya kahawa, tukavipanga mstari. Vilikuwa kumi na viwili, kwa hiyo bilauri ya maji ikawa Pagume.

"Usifikirie namba zimebandikwa juu ya vikombe," Emebet alisema. "Fikiria ziko kwenye nafasi za katikati, pale kisu kinapopita. Sifuri iko kabla ya Meskerem. Kumi na moja iko kabla ya Nehase. Kumi na mbili iko wapi?"

Mahlet akaweka kidole. "Kati ya Nehase na bilauri."

"Basi kutoka kumi na moja mpaka kumi na mbili umeshika nini?"

"Nehase tu!" Mahlet alijipiga paji la uso. "Namba ya pili ni mahali pa kusimama. Kilichopo hapo sikichukui."

"Umeona? Ukitaka kufika mwisho, usiiandike kabisa. `slice(11)` maana yake ruka kumi na moja, chukua vyote vilivyobaki."

Aselefech akashika kiuno. "Ngoja kwanza. Akikatakata hivyo, miezi yangu haitapungua?"

"Haipungui, Etye Aselefech. `slice` inatoa nakala, safu yenyewe inabaki nzima. Lakini iko nyingine, `splice`, majina yao yanakaribiana. Hiyo inang'oa kweli kweli. Mahlet, hapa usiiguse."

"Na kuunganisha je?" Mahlet aliuliza. "Nilijaribu alama ya kujumlisha, ikaniletea NehaseMeskerem, yamegandana, nikaishia kuonyesha kila kipande peke yake."

"Kujumlisha kunageuza safu kuwa maandishi. Tumia `concat`. Safu unayoanza nayo inakaa mbele, ya kwenye mabano inafuata nyuma. Nayo haibadilishi safu za mwanzo, kwa hiyo jibu lake lipe jina jipya."

Mahlet akaandika, huku mama yake akimpumulia shingoni:

`let sasa = 11;`
`let mbele = miezi.slice(sasa);`
`let nyuma = miezi.slice(0, sasa);`
`let mwaka = mbele.concat(nyuma);`

"Kipande cha pili kinasimama pale pale cha kwanza kilipoanzia," alisema taratibu. "Hakuna mwezi unaorudiwa, hakuna unaoachwa."

"Na mwezi ukibadilika, unabadilisha `sasa` peke yake," Emebet alisema. "Sasa nipeni kahawa, nimefanya kazi."

Mahlet akafungua ukurasa. Nehase. Pagume. Meskerem. Aselefech alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia.

Kesho yake baada ya misa, wanawake walisimama uani mwa kanisa, kila mmoja na simu yake. Etye Bizunesh alibonyeza Pagume, akabonyeza tatu, akaandika mkate wake. Wengine wakafuata. Simu ya Aselefech ililia mfululizo mpaka akaacha kuitazama, akawa anacheka tu.

Siku ya Rufaeli mvua ilinyesha, kama tulivyoomba, maana mvua ya siku hiyo kwetu ni baraka. Watoto walikimbia humo wakiliita jina la malaika. Mikate ilifika kanisani ya moto, imefunikwa nguo nyeupe, na kila mwanamke alipata wake bila ugomvi. Padri alipomaliza kubariki, Etye Bizunesh akaanza kumshukuru Aselefech mbele ya watu. Aselefech, ambaye sifa huzipokea kwa mikono miwili, safari hii alimkatiza. Alimvuta Mahlet kwa mkono mpaka mbele.

"Kuoka nimeoka mimi," alisema. "Lakini Pagume mmerudishiwa na huyu. Mshukuruni yeye."

Wanawake wakapiga vigelegele kwenye mvua ile. Mimi nilipiga mpaka sauti ikanikauka.