Aliyetangulia Kufika Ulemo

Haya yamempata mdogo wangu Noel, wa tumbo moja na mimi. Asiyeamini aishie hapa hapa, sibembelezi mtu.

Noel alikuwa mpishi kwenye mashua ya tanga ya watalii. Wanaanzia Tanga, wanateremka na pwani taratibu, wakifika mji wa kale wanatia nanga, wageni wanapelekwa kuona magofu. Mnyiramba wa Ulemo, mtu wa bara, anakaanga pweza baharini. Nilikuwa namtania kila akipiga simu.

Mwezi wa sita mama aliugua, akalegea, akawa anamtaja Noel tu. Alitaka amwekee mkono kichwani, amwombee, ndipo apumzike. Mimi alishanibariki. Alibaki yeye. Nikapiga simu.

"Njoo. Mama anakusubiri wewe tu."

"Kaka, tuko Bagamoyo. Nikishuka safari haijaisha, kazi sina. Vumilia siku mbili tatu."

"Kazi zipo nyingi. Mama unao wangapi?" Nikakata. Hasira zangu ziko karibu.

Asubuhi hiyo hiyo, alivyonieleza baadaye, nahodha wao Mansuri aliwashusha mjini. Wageni wakawa wanapiga picha kwenye nyumba ya mawe isiyo na paa. Noel akabaki nyuma na kapu la vitafunio. Mtu akamsalimu kutoka upande wa pili wa ukuta. Kwa Kinyiramba. Kile cha bibi zetu, ambacho siku hizi hukisikii hata kule kwetu Kiomboi.

Mtu yule alisema alibeba pembe za ndovu begani kutoka bara, akaugua hapo, wenzake wakamwacha. Akauliza, "Kijana wa kwetu, tunarudi lini?"

Mansuri akacheka. "Noel, huyo ndugu yako? Mbona anaongea kama anatafuna karanga?"

Noel akaona aibu. "Simjui. Mimi mtu wa Dar. Huko bara sina kwetu."

Ile sauti ya nyuma ya ukuta ikanong'ona, kwa upole kabisa:

"Kama huna kwenu, nipe mimi."

"Chukua," Noel akasema, ili tu anyamaze.

Mansuri akazunguka ukuta amwone mtu mwenyewe. Hapakuwa na pa kusimama. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mawe.

Hapo hapo Noel akachukua begi lake, akaiacha mashua, akashika njia ya kuja nyumbani.

Kesho yake mchana, jua kali, napepeta alizeti uani, nikamwona Noel anaingia. Miguu mitupu. Hana begi. Akanisalimu kwa Kinyiramba, wakati Noel lugha hiyo aliitupa tangu sekondari. Nikampa maji, akakataa. Jua lote lile, hana tone la jasho. Na bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene iliyopasuka, kama shingo ya maksai wa jembe.

Nililiona. Naapa nililiona.

Mimi ninayejisifu kusema wazi mbele ya yeyote, nikanyamaza. Kwa sababu mama, kule ndani, alikuwa ameisikia sauti, akainuka na kukaa bila kushikwa. Alikuwa anatabasamu. "Mwanangu amekumbuka kuongea kikwetu."

Nikamfungulia mlango kwa mkono wangu.

Akapiga magoti. Mama akamwekea mkono kichwani, akaomba kirefu. Akampa nyumba. Akampa ndugu. Akampa pa kulala. Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

"Kaka." Sauti ya Noel, chini chini. "Niko njiani, nimefika Manyoni. Mama yupo?"

Nikatazama kitandani. Yule hakugeuka. Mkono wa mama ulikuwa bado kichwani pake.

Ningesema. Sikusema. Ombi likafika mwisho, na amina niliitikia na mimi.

Akainuka, akaingia chumba cha Noel, akalala ubavu ameelekea ukuta.

Jioni Noel akafika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapiga magoti pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Mama, ni mimi. Noel."

"Noel nimeshambariki. Amelala. Msimwamshe, amebeba mzigo kutoka mbali."

Nikashika panga, nikasukuma mlango wa chumba. Kitanda kitupu. Dirisha lenyewe paka hapenyi.

Mama alikata roho alfajiri. Noel alikuwa amemshika mkono. Mama aliuchomoa kwanza, ndipo akaenda.

Sasa Noel yuko hapa Ulemo. Anajifunza Kinyiramba upya, kama mtoto. Ndani ya nyumba hakubali kulala. Anadhani kosa ni lake peke yake, na mimi mpaka leo sijamwambia kuhusu lile bega.

Mbuzi wetu wakitolewa zizini asubuhi hawaendi malishoni. Wanakwenda kwenye chumba kile, wanalamba ukuta wa udongo pale yule alipolala ameelekea. Nimekandika upya, wanalamba. Nimewafukuza kwa fimbo, wanarudi. Mwishowe nikaonja mwenyewe. Ni chumvi. Na shimo wanalolichimba kwa ndimi zao linazidi kuingia ndani, refu, kama mtu aliyelala ubavu.