Mikono Iliyolishika Gitaa Jekundu

Jumamosi, saa nne asubuhi.

Kocha aliichora nyumba ya mwenye hoteli kwa chaki juu ya meza, katika chumba cha nyuma cha karakana ya redio. Mlango. Sebule. Kabati la kioo. Ndani ya kabati, gitaa la umeme, jekundu, la zamani.

"Fundi anaingia kwanza, uso wazi. Mwenye hoteli anamjua. Nyundo anafuata na barakoa, anatoka na mzigo. Mimi niko kwenye gari. Fundi anatoka wa mwisho."

"Kwa nini mimi?" Fundi aliuliza.

"Una adabu, mdogo wangu. Watu hawampigii kelele mwenye adabu."

Nyundo alicheka. Fundi hakucheka.

Kocha alikuwa ameapa kwamba hajawahi kulitia gitaa hilo machoni. Alichojua, alisema, ni kwamba mnunuzi anataka habari za waliolimiliki zamani. Wiki iliyotangulia alimtuma Fundi akajifanye mwandishi wa kitabu cha muziki, amhoji mwenye hoteli, arudi. Basi.

Lakini Fundi alikuwa fundi kweli. Mwenye hoteli alipomwachia gitaa mkononi, alifungua kifuniko cha nyuma, akaona lehemu za mafundi wawili. Kila fundi analehemu kwa mkono wake, na hawa aliwajua. Hakumwambia Kocha. Alikwenda kuwauliza walimtengenezea nani.

Wa kwanza alimpeleka kwa mjane. Mjane alifungua mlango, akashika kifua.

"Umerudi?"

"Nani, mama?"

"Samahani, mwanangu. Alikuja kijana kama wewe. Sura, sauti, hata namna ya kuvua viatu. Alimwuliza marehemu mume wangu nani walilimiliki gitaa kabla yetu. Alikunywa chai, akaosha kikombe chake mwenyewe. Wiki iliyofuata tukaibiwa. Alikamatwa yeye tu. Polisi waliponipangia watu ukutani, mimi ndiye niliyemwonyesha."

Kaka yake Fundi alikuwa hivyo. Hakuacha chombo kichafu nyumba ya watu. Alifungwa, akafia gerezani bila kutaja mtu. Kocha ndiye aliyeleta jeneza. Kocha ndiye aliyemshika bega makaburini.

"Mumeo aliuziwa na nani, mama?"

"Na mchungaji mmoja, mstaarabu sana. Sikio lake la kushoto halikuwa na ncha."

Fundi alimjua mtu mmoja tu mwenye sikio hilo. Fundi wa pili wa lehemu alimwelekeza kwa daktari wa meno. Habari ilikuwa ileile: muuzaji mstaarabu, kisha mgeni mpole mwenye maswali, kisha wizi. Mgeni alikamatwa. Gitaa likapotea. Kocha alikuwa akiuza gitaa lilelile, akiliiba, akiliuza tena. Na kila mara alihitaji uso mmoja wa kukumbukwa na wenye mali.

Tangu hapo, Fundi akiinama kulehemu, alihisi watu nyuma yake. Wapole. Viatu mkononi. Wanamngoja ajiunge nao.

Jumapili, saa nane mchana.

Mwenye hoteli alimkaribisha kwa furaha. Mjane na daktari walikuwa wameketi chumba cha chakula. Fundi ndiye aliyewaalika. Aliwaambia wataliona gitaa lao tena.

Saa nane na robo Nyundo aliingia na bastola. Aliona vichwa vitatu mezani.

"We Fundi! Uliniambia mtu mmoja!"

"Funga huo mlango wa chumba cha chakula. Wakae humo, usimguse mtu."

Fundi alipiga simu. "Kocha, magitaa ni mawili. Pacha."

"Wewe ni fundi wa magitaa au wa vitanda? Chagua!"

"Naweza kukosea. Watu nimewafungia, sebule ni tupu. Njoo uchague wewe."

Fundi alisikia injini ya gari ikinguruma taratibu. Mtu ambaye hajawahi kuliona gitaa angechagua nini?

"Nakuja," Kocha alisema.

Aliingia bila barakoa, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. "La pili liko wapi? Hili ndilo lenyewe. Lina alama ya..." Akageuka kumtazama Fundi.

Fundi alifungua mlango wa chumba cha chakula.

"Mchungaji!" alisema mjane.

"Injinia?" Daktari alisimama. "Uliniuzia gitaa, likaibwa, akafungwa kijana aliyekuja kuuliza habari zake!"

"Mheshimiwa Balozi," mwenye hoteli alisema polepole. "Mbona hukubisha hodi?"

Nyundo aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Kocha. "Wote hawa wanakujua?"

"Twende. Beba gitaa."

"Hiyo kazi ya kutoka wa mwisho, Kocha. Safari ijayo ilikuwa yangu?"

"Lete bastola, mjinga wewe!"

Kocha aliidaka. Waling'ang'ania. Risasi ilitoka, ikapasua kioo cha kabati, na Kocha akaanguka akishika goti lililotoboka. Nyundo aliitupa silaha kana kwamba imemchoma, akakimbilia jikoni.

"Fundi, mlango wa nyuma uko wazi! Unangoja nini?"

Fundi aliisukuma bastola kwa mguu hadi chini ya kabati, akaketi sakafuni. Nyundo akatoweka. Daktari alikuwa tayari ameshika simu, akitaja namba ya nyumba.

Mjane alimsogelea Fundi. "Yule kijana, mwanangu?"

"Kaka yangu, mama. Alikufa."

Mjane alifunika uso kwa ukingo wa khanga.

Askari walipofika waliuliza nani alikuja kwanza kuhoji habari za gitaa. Mwenye hoteli alimwonyesha Fundi. Daktari alimwonyesha Fundi. Mjane hakuinua mkono. Fundi akauinua wake.

Pingu zilikuwa jozi moja. Askari walimfunga mkono wa kushoto wa Kocha na mkono wa kulia wa Fundi, wakawapakia nyuma ya gari, goti la Kocha, lililofungwa kwa kitambaa cha meza, likivuja damu.

"Mlango ulikuwa wazi," Kocha alinong'ona. "Ungekimbia, mpumbavu wewe."

"Kaka aliondoka peke yake," Fundi alisema. "Mimi naondoka na wewe."